Tundu kwenye kidole cha shahada

Operesheni ilichukua saa mbili na dakika chache. Aliyelala mezani ni kijana wa bodaboda. Lori dogo lilikuwa limemkatia njia siku tatu kabla na paja lake la kulia likavunjika. Sasa ndani ya mfupa wake kulikuwa na msumari wa chuma, kidonda kimeshonwa, bandeji imefungwa, na wahudumu wanamhamishia kwenye kitanda cha magurudumu. Hospitali hiyo sitaitaja, wala waliokuwamo. Waliniruhusu kusimama kando ya ukuta, nimevaa gauni, kofia na barakoa, kwa sharti hilo.

Kabla glavu hazijatupwa kwenye ndoo ya taka hatarishi, nilimwomba sista aliyekuwa akishika vyombo anifanyie jambo moja. Akavaa glavu nyingine safi, akaokota ile ya mkono wa kushoto aliyotoka kuivua daktari, akaitega chini ya bomba na kuijaza maji mpaka ikavimba kama kiwele cha ng'ombe. Akausokota mdomo wake, akaining'iniza juu ya sinki. Tukasubiri. Vidole vinne vilibaki vikavu. Kwenye kidole cha shahada, karibu na ncha, likajitokeza tone, likakua, kisha likageuka uzi wa maji mwembamba kuliko sindano, ukawa unapiga ukuta wa sinki bila kukatika.

"Dokta, hebu njoo uone," sista akaita.

Daktari bingwa akaja, akautazama ule uzi wa maji, kisha akakigeuzageuza kidole chake mwenyewe chini ya taa. Hakikuwa na jeraha. "Sikusikia chochote," akasema. "Na saa ilipotoboka siwezi kukwambia. Pengine ni mwanzoni kabisa, pengine ni wakati nafunga skrubu."

Alikuwa amevaa jozi moja tu. Zilizobaki kabatini zilikuwa zimetengwa kwa wagonjwa wawili wa mchana.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza madaktari na wauguzi wa mifupa kuhusu jambo hili, na kusoma yaliyoandikwa na watafiti wa nchi mbalimbali. Nilichogundua ni kwamba ule uzi wa maji haukuwa bahati mbaya ya siku moja. Katika upasuaji wa mifupa, kutoboka kwa glavu ni jambo la kawaida, na mara nyingi aliyeivaa hajui. Tunaloweza kuamua ni kama tutapanga kazi yetu tukijua hivyo, au tutaendelea kujifanya kwamba mkono uliovishwa mpira umekwisha kulindwa.

Glavu, ambazo nyaraka za serikali huziita mipira ya mikono, ziko za namna mbili, na watu wengi huzichanganya. Kuna zile za kumpimia mgonjwa, zinazokuja nyingi kwenye boksi moja na kuchomolewa kama karatasi za tishu. Na kuna za upasuaji, ambazo kila jozi imefungwa peke yake ikiwa imeuliwa vijidudu, na ina namba ya ukubwa kama kiatu: 6 na nusu, 7, 7 na nusu, 8. Hizi za pili hupimwa kiwandani kwa njia ile ile aliyotumia sista: lita moja ya maji humiminwa ndani, glavu ikaning'inizwa, ikatazamwa kwa dakika mbili. Hazipimwi zote, kwa kuwa iliyokwisha kujazwa maji haiuziki tena. Huchukuliwa sampuli. Kipimo kinachotumika Ulaya na Marekani huruhusu shehena ipite hata kama glavu moja au mbili hivi katika kila 100 zinavuja. Kwa hiyo hata kabla pakiti haijafunguliwa, kabla mtu hajashika kisu, tayari kuna tundu linaloruhusiwa.

Halafu glavu hiyo inapelekwa kwenye kazi ya mifupa.

Daktari wa tumbo hushika vitu laini. Daktari wa mifupa anashika kitu kigumu kilichopasuka. Mfupa wa paja unapovunjika kwa kishindo cha lori haukatiki kama muwa uliopigwa panga. Hupasuka kama chupa, vipande vikabaki na ncha na kingo zinazokata. Daktari anapaswa kuingiza vidole humo, avitafute vipande, avivute, avipange. Juu ya hapo kuna vyombo vyenyewe: drili, msumeno, nyundo, patasi, koleo, skrubu, na zile waya nyembamba zenye ncha kali zinazobeba jina la Martin Kirschner, daktari wa Kijerumani aliyezianzisha mwaka 1909. Ukiingia kwenye chumba cha upasuaji wa mifupa ukafumba macho, utadhani umeingia karakana ya seremala. Tofauti ni kwamba seremala hafanyi kazi amevaa mpira mwembamba kama ganda la kitunguu.

Nilimwuliza daktari yule ni wakati gani hasa glavu hutoboka. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Ni pale unapoizungusha waya kuzunguka mfupa na kuisokota kwa koleo, ukakata, na ncha iliyobaki ikakuchoma. Ni pale unapofuta kwa kidole unga wa mfupa ulioganda kwenye drili. Ni pale unaposhika kipande cha mfupa kwa mkono mmoja na kukitoboa kwa mwingine. Ni mwishoni, wakati wa kushona, pale umechoka na sindano inaingia upande huu huku kidole kikiisubiri upande wa pili. Hapo akanyanyua kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Tafiti zinakubaliana naye: kwa anayetumia mkono wa kulia, kidole kinachotoboka kuliko vyote ni hicho, na dole gumba la mkono huo huo hulifuatia. Mkono wa kulia unashika silaha. Wa kushoto ndio unaoshika mgonjwa.

Kuna jambo jingine ambalo katika nchi zetu lina uzito wa pekee. Katika hospitali zenye fedha, daktari anapoingiza msumari ndani ya mfupa huwa na mashine ya eksirei inayomwonyesha kwenye skrini kila hatua. Kwetu hospitali nyingi hazina mashine hiyo, au iko moja na imeharibika. Kwa ajili ya mazingira kama hayo, daktari wa Kimarekani Lewis Zirkle alianzisha mwaka 1999, katika mji wa Richland jimboni Washington, shirika la SIGN linalotengeneza misumari inayoweza kuwekwa bila eksirei ya aina hiyo. Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili, ambayo wote tunaiita MOI, ni miongoni mwa zilizoitumia kwa miaka mingi, na vijana wengi wa bodaboda wanaotembea leo mitaani wamebeba msumari huo kwenye paja. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Lakini pasipo na skrini, kinachoona ni kidole. Daktari hufungua pale mfupa ulipovunjika, akaingiza kidole, akahisi kama ncha mbili zimekutana. Anapotafuta tundu la kupitishia skrubu, anasikiliza kwa mkono. Kidole chenyewe ndicho jicho, na jicho hilo linapapasa kwenye makali.

Ajabu ni kwamba glavu ilipozaliwa, haikuzaliwa kwa ajili ya mgonjwa. Mwishoni mwa mwaka 1889 na kuingia 1890, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, Caroline Hampton, alianza kubabuka ngozi ya mikono. Enzi hizo walikuwa wakiua vijidudu kwa kemikali kali zenye zebaki, na mikono yake haikuzivumilia. Daktari William Halsted, ambaye hakutaka kumpoteza, aliiomba kampuni ya mpira ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba. Zikamfaa. Mwezi Juni 1890 wakafunga ndoa. Wasaidizi wengine wakazipenda, wakazizoea, na hatimaye mwanafunzi wa Halsted, Joseph Bloodgood, akavaa glavu katika kila upasuaji. Mwaka 1899 alichapisha taarifa ya operesheni zaidi ya 450 za ngiri, akaonyesha jinsi vidonda vilivyokuwa vikioza vilivyopungua sana tangu daktari mwenyewe alipoanza kuvaa. Kwa takriban miaka kumi walikuwa na kinga ya mgonjwa mikononi mwao huku wakidhani ni kinga ya ngozi ya muuguzi.

Ukweli ni kwamba inalinda pande zote mbili, na tundu linafungua pande zote mbili.

Tuanze na upande wa mgonjwa. Daktari akinawa mikono kwa dakika zote zinazotakiwa, kwa sabuni yote inayotakiwa, anapunguza bakteria wa ngozi, hawamalizi. Wengine wamejificha kwenye vinyweleo na vitundu vya jasho. Ndani ya glavu kuna joto na unyevu, nao huanza kuongezeka tena. Baada ya saa mbili, jasho lililo kwenye ncha ya kidole si maji safi. Likipata tundu, linaingia kwenye mfupa uliofunguliwa.

Mwili wa kijana mwenye afya unaweza kupambana na bakteria wengi sana. Lakini ukiweka kitu kigeni ndani, mambo hubadilika. Mwaka 1957 watafiti wawili nchini Uingereza, Elek na Conen, walijaribu jambo hilo kwa watu waliojitolea. Ili ngozi yao itunge usaha ilihitaji bakteria kwa mamilioni. Walipopitisha uzi wa hariri kwenye ngozi hiyo hiyo, mamia machache tu yalitosha. Huo ni uzi. Sasa fikiria msumari wa chuma wenye urefu wa paja. Bakteria wakiufikia hujishikiza juu yake, wakajijengea utando wa ute ambao dawa haiupenyi vizuri, na askari wa mwili hawaufikii. Wanaweza kukaa humo wiki, miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi, kabla mguu haujaanza kuvimba na usaha kutafuta njia ya kutokea.

Anayeijua habari hiyo ni yule aliyewahi kulala wodi ya mifupa. Kidonda kinatoa maji. Kinasafishwa, kinafungwa, kinatoa tena. Mara chuma kinatolewa, mguu unafungwa vile vyuma vya nje ambavyo mitaani tunaviita antena, mgonjwa anarudi nyumbani akisubiri miezi. Kama pikipiki aliyokuwa akiendesha ilikuwa ya mkataba, mwenyewe ameshampa mtu mwingine. Kama alikuwa na watoto shuleni, sare na daftari sasa ni shughuli ya mama yao peke yake. Nimewaona wanaume wa miaka thelathini wakilia kwa sababu ya mguu ambao ulikuwa umeshapona.

Siwezi kudai kwamba kila kidonda kilichooza kilianzia kwenye tundu la glavu. Mfupa uliotokeza nje ukagusa vumbi la barabarani tayari una vijidudu vyake. Mgonjwa aliyesubiri siku kumi apate nafasi ya upasuaji ana hatari zake. Utafiti mkubwa uliofanyika Basel, Uswisi, na kuchapishwa mwaka 2009, ulifuatilia operesheni zaidi ya 4,000, zikiwamo za majeruhi. Pale glavu zilipotoboka na mgonjwa hakuwa amepewa antibayotiki kabla ya kupasuliwa, uwezekano wa kidonda kuoza ulikuwa takriban mara nne. Pale alipokuwa amepewa, tofauti haikuonekana bayana. Shirika la Afya Duniani nalo, lilipotoa mwongozo wake wa kuzuia vidonda vya upasuaji kuoza mwaka 2016, liliona ushahidi hautoshi kutoa agizo lolote kuhusu kuvaa jozi mbili au kubadilisha glavu katikati ya kazi.

Kuna wanaolitumia hilo kusema basi tusubiri. Mimi naona kinyume chake. Utafiti wa Basel unatuambia kwamba ile sindano ya antibayotiki inayotakiwa kuchomwa kabla ya kisu isikose kwa mgonjwa yeyote anayewekewa chuma. Na ukimya wa mwongozo ule unahusu kuoza kwa kidonda. Hauhusu damu kumfikia daktari. Kwa upande huo ushahidi uko wazi, na hapo ndipo penye upande wa pili wa tundu.

Damu ya mgonjwa huingia kwa njia ile ile jasho la daktari linapotokea. Kidole kikiwa kimechomwa na ncha ya waya, hatari ina namba. Kwa damu yenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa kwa mchomo mmoja ni kama watu 3 katika kila 1,000. Kwa homa ya ini B, kwa mtu asiyechanjwa, ni kati ya 6 na 30 katika kila 100, kutegemea wingi wa virusi kwenye damu ile. Soma tena namba hizo mbili. Tunaiogopa zaidi ile ndogo. Chanjo ya homa ya ini B ipo, ni dozi tatu, na bado ukiuliza katika vyumba vya upasuaji utawapata wauguzi na wahudumu wa usafi ambao hawajaimaliza, wengine hawajaianza. Dawa za kuzuia VVU baada ya ajali zipo pia: zianze mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, zimezwe siku 28. Lakini dawa ya ajali humfaa anayejua kwamba amepata ajali. Tundu lisilosikika halimpeleki mtu kwenye dirisha la dawa.

Jibu la kwanza ni la kawaida mno: vaa mbili. Mwaka 2014 jopo la mtandao wa Cochrane lilikusanya tafiti 34 kuhusu glavu na ajali za watumishi wa afya. Kuvaa jozi mbili badala ya moja kulipunguza matundu yanayofika kwenye glavu ya ndani kwa asilimia 71, na madoa ya damu kwenye ngozi kwa asilimia 65. Glavu ya nje itatoboka. Ndiyo kazi yake. Ya ndani hubaki. Na ya ndani ikiwa ya rangi nyingine, mathalani kijani chini ya ile ya maziwa, kuna faida zaidi: unyevu ukipenya tundu la juu, doa la kijani kilichokolea hutokea papo hapo, likaonekana hata kwa msaidizi aliye upande wa pili wa meza.

Madaktari wengi wanalalamika kwamba jozi mbili zinaua hisia za vidole. Nililichukulia lalamiko hilo kwa uzito, hasa kwa hawa wanaoona kwa vidole. Lakini niliowahoji waliokwisha kuzoea wanasema ni suala la wiki chache, na la kuchagua namba: wengi huvaa ya ndani kubwa kwa nusu namba, ili isibane. Mmoja aliniambia sasa akivaa moja anajiona kama anatembea peku.

Jibu la pili ni saa. Watafiti wa Greifswald, Ujerumani, walipima jozi 898 zilizotumika. Zilizovaliwa dakika 90 au chini ya hapo, asilimia 15 zilikuwa na matundu. Zilizovaliwa hadi dakika 150, asilimia 18. Zilizozidi hapo, karibu asilimia 24. Kwa hiyo ile ya nje ibadilishwe kila dakika 90 hata kama inaonekana nzima. Nami ningeongeza, kwa kuwasikiliza watu wa kazi hii, nyakati ambazo hazihitaji saa: kabla tu ya kushika msumari au nyonga ya bandia, baada ya kusokota waya, na baada ya kuchanganya saruji ya mifupa, ile inayogandisha nyonga na goti bandia, kwa kuwa kemikali yake hupenya mpira wa glavu kwa muda mfupi sana.

Yapo na mengine madogo. Sindano butu kwa kushonea misuli hupunguza matundu kwa zaidi ya nusu. Kisu kisipokezanwe mkono kwa mkono. Kiwekwe kwenye sinia, mwenzako akichukue mwenyewe. Mifupa iliyosagika ivutwe kwa koleo pale inapowezekana.

Shangazi yangu alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa zaidi ya miaka thelathini, akastaafu akiwa bado na desturi ya kunawa hadi viwikoni kabla ya kukanda unga. Nilipomweleza kuhusu uzi wa maji, hakushangaa. Enzi zake glavu hazikuwa za kutupwa. Zilifuliwa, zikaanikwa kwenye kamba nyuma ya jengo kama soksi za watoto, zikapakwa poda, zikarudishwa kwenye mtungi wa mvuke. Kazi ya wauguzi wanafunzi ilikuwa kutafuta matundu. Alinionyesha, akiwa ameketi barazani, na glavu niliyomletea: aliipuliza ikajaa kama puto, akaisokota mdomo, akaisogeza kwenye shavu na kuizungusha taratibu, kidole kwa kidole, macho ameyafumba.

"Shavu linasikia upepo ambao sikio halisikii," akaniambia. "Ukipata tundu unaweka kiraka, au unaiweka kwenye za usafi. Lakini, mwanangu, tulikuwa tunazitafuta. Tulijua zipo."

Hakuna anayetaka kurudi kwenye viraka, wala kwenye poda, ambayo Marekani iliipiga marufuku kwenye glavu za tiba kuanzia Januari 2017 kwa madhara yake mwilini. Ila lile neno lake la mwisho sijaliacha. Kizazi chake kilianza siku kikiwa na hakika kwamba glavu zina matundu. Sisi tunafungua pakiti inayong'aa, tukaacha kutafuta.

Na kutafuta kuna gharama ya heshima. Nimeambiwa na zaidi ya muuguzi mmoja, wa hospitali tofauti, kwamba ameona glavu ya daktari imechanika akanyamaza, kwa kuwa daktari yule ni mkali, au kazi iko pabaya, au jozi nyingine haipo na kusema ni kumtia aibu bure. Katika chumba nilichosimama mimi kuna neno moja lililonifurahisha. Katikati ya operesheni, sista aliona kitu kwenye mkono wa msaidizi, akasema tu, "Kidole." Msaidizi akanyoosha mkono kando ya meza, glavu ikavuliwa, nyingine ikavalishwa, kazi ikaendelea. Haikuchukua dakika. Hakuna aliyeomba radhi, hakuna aliyefokewa. Kile cha daktari mkuu hakikuonekana kwa kuwa tundu lake lilikuwa dogo, na chini yake hapakuwa na glavu ya kijani ya kumshtaki.

Hapo tunarudi kwenye kabati. Ndugu wengi wanaosoma makala hii wamewahi kupewa karatasi yenye orodha: dripu, uzi, pamba, glavu. Wanakwenda duka la dawa nje ya geti, wanahesabu fedha, wanauliza kama jozi mbili zinatosha badala ya nne. Wengine hurudi na boksi la glavu za kupimia kwa kuwa ni nafuu na hakuna aliyewaeleza tofauti. Siwalaumu hata kidogo. Mgonjwa aliyevunjika paja hapaswi kuwa ndiye anayeamua, kwa kina cha mfuko wa kaka yake, daktari avae glavu ngapi.

Mwaka 2020 tulionja utegemezi wetu. Malaysia ilikuwa ikitengeneza zaidi ya nusu ya glavu za mpira duniani. Korona ilipokuja, kila nchi ikagombania, bei zikapanda, na sisi tukawa nyuma ya foleni. Baada ya hapo Bohari ya Dawa, MSD, ilijenga kiwanda cha mipira ya mikono Idofi, Makambako, mkoani Njombe. Nalishukuru hilo kwa moyo wote. Mpira wenyewe si mgeni nchini: kuna mashamba Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Kilombero. Na kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia Wajerumani walipanda Tanga mpira wa aina nyingine, ndugu wa muhogo, mpaka bei ilipoanguka mwaka 1913. Miti ikabaki, na watu wa Tanga wakajifunza kupika majani yake, kisamvu cha mpira. Nchi iliyokula majani ya mti wa mpira kwa vizazi haishindwi kutengeneza glavu imara za upasuaji, za namba zote, na za rangi mbili. Ombi langu kwa Idofi ni hilo.

Kwa wanaoandaa bajeti za hospitali, ombi langu ni hesabu ndogo. Upasuaji mmoja wa paja una watu watatu wanaogusa kidonda: daktari, msaidizi wake na sista wa vyombo. Kila mmoja avae jozi mbili, na ile ya nje ibadilishwe mara mbili. Ni jozi 4 kwa mtu, jozi 12 kwa paja moja. Idadi hiyo iandikwe kwenye orodha ya vifaa vya hospitali pamoja na msumari na skrubu zake, isiandikwe kwenye karatasi anayopewa ndugu wa mgonjwa getini.